Presha na Sukari: Maradhi ya Kutunzwa Kila Siku

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, Mombasa, na kuandikwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu.)



Sisi tuliopewa kazi ya kusema leo si madaktari. Ni wafanyakazi wa reli kama ninyi, tuliosoma shule ya msingi ya misheni, kisha tukaingia kazini. Lakini kwa muda mrefu tumekuwa tukiwapeleka wenzetu hospitali, tukikaa nao katika foleni, tukiwauliza wauguzi na madaktari maswali, na kuandika majibu katika daftari. Haya tutakayosema yametoka huko. Mwenye kujua zaidi na atusahihishe.

Twataka kusema habari za maradhi mawili, presha na kisukari. Wengine watauliza, chama chahusikaje na maradhi? Kazi ya chama ni mshahara. Ni kweli. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli wa mji huu waliposimamisha kazi, walifanya hivyo kwa sababu maisha yalikuwa ghali na mshahara ulikuwa haba. Lakini tukiwahesabu wenzetu waliotoka kazini kabla ya umri wa kustaafu, wengi hawakufukuzwa na mtu. Walitolewa na kiharusi, au figo, au mguu uliokatwa. Nyumba zao zilipoteza mshahara ule ule ambao chama kilipigania. Kwa hiyo jambo hili ni la chama.

Tuanze na presha, kwa kuwa watu wa reli hawana haja ya kufundishwa neno hili. Wazee wetu waliendesha injini za mvuke, zile Garratt kubwa zilizopewa majina ya milima, zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Mbele ya dereva palikuwa na geji ya mvuke. Hakuna dereva aliyesema, "Leo injini yaenda vizuri, sina haja ya kutazama geji." Alijua kwamba boila lenye mvuke wa kupita kiasi haliugui. Injini yaweza kuvuta vizuri kuliko jana, mpaka dakika ile boila linapopasuka.

Mwili nao ndivyo ulivyo. Moyo husukuma damu ndani ya mishipa, na damu ile husukuma kuta za mishipa. Msukumo ukizidi siku baada ya siku, kuta za mishipa hukakamaa na kuharibika, na mishipa midogo ndiyo inayoumia zaidi, yaani ile ya ubongo, ya macho na ya figo. Moyo wenyewe nao huchoka kwa kusukuma mzigo mzito. Na katika muda huo wote, mwenye presha mara nyingi hasikii lolote. Analala, anakula, anacheza bao. Watu husema, "Mimi sina presha, kwa kuwa kichwa hakiniumi." Huku ni kusema boila halina mvuke kwa kuwa halijapasuka.

Geji ya mwili ni ule mpira unaofungwa mkononi na kutiwa upepo. Na hapa pana jambo lililotufurahisha sana tulipolisoma. Mtu aliyebuni mpira ule alikuwa daktari wa Italia, jina lake Scipione Riva-Rocci, naye alitangaza kazi yake mwaka 1896. Ndugu wanachama, mwaka 1896 ndio mwaka reli yetu ilipoanza kujengwa hapa Mombasa. Tangu hapo reli imefika Kisumu, imefika Uganda, na mwaka 2017 ikaja reli mpya ya SGR iliyoishia Miritini. Lakini kipimo kile cha mkononi, chenye umri sawa na reli, wengi wetu hakijatufikia. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi nchi nzima, ikaonekana kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawajapimwa hata mara moja maishani mwao.

Katika kipimo mtaambiwa namba mbili. Ya juu ni msukumo moyo unapobana, na ya chini ni msukumo moyo unapolegea. Ikiwa namba ni 140 juu ya 90 au zaidi, tena si siku moja tu bali zaidi ya mara moja, basi hiyo ni presha ya juu na yataka daktari. Kipimo kimoja baada ya kupanda ngazi mbio si kipimo. Yafaa ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa juu ya meza sawa na moyo, na kibofu kiwe kitupu. Usizungumze. Nusu saa kabla yake usiwe umekunywa kahawa, wala kuvuta sigara, wala kutafuna muguka. Tumeona watu wakipimwa wamesimama mlangoni, shati halijakunjwa, huku wakibishana habari za mpira wa miguu. Namba ya namna hiyo haina faida.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe lililotuleta hapa.

Yuko mwenzetu mmoja wa genge la njia. Hatumtaji jina, kwa sababu nyumbani kwake wako watoto wanaosoma karatasi hizi. Alipimwa, akakutwa na presha, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Akameza kama alivyoagizwa. Mwezi ulipokwisha akajiona mzima kabisa, akasema, "Dawa imeponya, kwa nini niendelee?" Akaacha. Miezi minane baadaye alianguka alfajiri akijitayarisha kwenda zamu. Hakufa. Lakini mkono wake wa kuume haufanyi kazi, maneno yake yatoka kwa taabu, na mkewe ndiye anayemlisha. Umri wake ni miaka arobaini na sita.

Mtu huyu hakuwa mjinga wala mzembe. Alifanya kama tulivyofundishwa sote tangu utotoni. Ukiugua malaria, wameza dawa siku zake, homa yaondoka, umepona, dawa imekwisha. Kidonda chapakwa dawa, chafunga, basi. Maisha yetu yote tumejua ugonjwa wa namna hiyo, wenye mwanzo na mwisho. Presha na kisukari si za namna hiyo. Haziponi, bali hutunzwa. Ile namba nzuri uliyoiona kliniki ni kazi ya kidonge ulichomeza jana na leo asubuhi. Ukiacha kidonge, namba hurudi pale pale, na haitapiga hodi.

Sisi watu wa reli twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Nani kati yetu amewahi kusikia njia ya reli imepona? Genge hukaza skrubu, hushindilia kokoto chini ya mataruma, hunyoosha reli, na wiki ijayo hurudi pale pale kutazama tena. Mkaguzi wa mabehewa hugonga gurudumu kwa nyundo akasikiliza mlio wake, ingawa gurudumu lile alilipiga safari iliyopita likawa zima. Hakuna anayemwambia, "Acha, treni haijaanguka mwaka huu." Treni haijaanguka kwa sababu yeye hugonga.

Wako wanaoacha dawa kwa sababu nyingine. Wengine husikia kwamba ukianza vidonge hutaviacha tena, kama kwamba kidonge ndicho kinachomfunga mtu. Si kidonge kinachomfunga mtu, ni ugonjwa, na ugonjwa ungekuwapo hata kama kidonge kisingalibuniwa. Wengine vidonge huwapa taabu. Vile viitwavyo amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Vile viitwavyo enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha. Vile vya kupunguza maji humpeleka mtu msalani mara kwa mara, na hilo kwa dereva au gadi ni shida kweli. Haya si mambo ya kuona haya wala ya kuacha dawa kimya kimya. Mwambie daktari, "Dawa hii yanifanyia hivi, na kazi yangu ni hii." Ziko dawa za namna nyingi, naye atakubadilishia dawa au saa ya kumeza. Lakini daktari hawezi kujua usiyomwambia, na wengi wetu tukiulizwa, "Unameza dawa vizuri?" hujibu, "Ndiyo, daktari," hali chupa imejaa kabatini.

Na wako wanaoacha kwa ajili ya mitishamba, au habasoda, au kwa kuwa wameombewa. Sisi tumelelewa na misheni na hatuwezi kusema neno baya juu ya maombi, wala juu ya dua za jirani zetu Waislamu. Omba, ndugu, na habasoda ule. Lakini meza kidonge, kisha upime. Na mitishamba yoyote uliyoitumia mtajie daktari, kwa sababu mingine hugombana na dawa au huumiza figo.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alikuwa na madaktari wazuri wa nchi tajiri kuliko zote. Machi 1944 walimpima wakakuta 186 juu ya 108. Hawakuwa na dawa ya maana ya kumpa. Presha ikazidi kupanda, na tarehe 12 Aprili 1945 mshipa wa ubongo ukapasuka, akafa siku ile ile. Vidonge vizuri vya presha vilianza kupatikana mwisho wa miaka ya 1950. Leo duka la dawa la Mwembe Tayari lina vidonge ambavyo Roosevelt hakuweza kuvipata kwa fedha zote za Marekani, na vile vya kawaida, visivyo na jina kubwa, bei yake ya siku mara nyingi haifiki bei ya chai na mahamri mawili. Ikiwa sisi twafa kwa ugonjwa uliomwua Roosevelt, sababu yake haiwezi kuwa moja na yake.

Kisukari nacho ni hivyo hivyo. Sukari ya chakula huingia katika damu, na mwili hutengeneza kitu kiitwacho insulini cha kuiingiza sukari ile katika nyama za mwili ipate kutumika. Insulini ikikosekana kabisa, kama iwapatavyo hasa watoto na vijana, au mwili ukikataa kuisikia, kama iwapatavyo wengi wa watu wazima na hasa wenye matumbo makubwa, sukari hubaki katika damu na kuharibu mishipa pole pole. Zamani mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna ya kwanza alinyimwa chakula ili aongezewe siku chache tu. Januari 1922, katika mji wa Toronto nchi ya Kanada, kijana wa miaka kumi na minne, Leonard Thompson, alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza. Aliishi miaka kumi na mitatu zaidi.

Dalili za kisukari ni kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara usiku, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona. Lakini wengi hawana dalili kwa miaka mingi. Kipimo cha damu asubuhi kabla ya kula kikiwa 7 au zaidi, kwa hesabu itumikayo katika hospitali zetu, ni kisukari, na daktari atakipima tena ili kuhakikisha. Kipo na kipimo kingine kinachoonyesha hali ya sukari kwa muda wa miezi mitatu iliyopita. Hicho hakidanganyiki. Mtu anaweza kufunga chai siku mbili kabla ya kliniki ili namba ya asubuhi ipendeze, lakini kipimo cha miezi mitatu kitamtoa nje.

Sasa tutazame kazi zetu, maana vitabu vya hospitali haviandiki habari za watu wa reli.

Kwanza miguu. Sukari nyingi huua ganzi neva za miguu. Mtu wa genge hukanyaga kokoto mchana kutwa ndani ya buti. Jiwe dogo likiingia ndani ya buti, mtu mzima huvua akalitoa. Mwenye kisukari aliyepotewa na hisia za miguu hulikanyaga mpaka jioni, na akivua soksi huona damu ambayo hakuisikia. Kidonda kile huoza, na hivyo ndivyo miguu inavyokatwa. Kwa hiyo kila jioni ioshe miguu, ikaushe hasa katikati ya vidole, itazame chini yake kwa kioo au mkeo akutazamie, na kabla ya kuvaa buti tia mkono ndani ulipapase. Usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Na buti likibana, hilo si jambo la kuvumilia. Mdai mwajiri buti la kipimo chako.

Pili macho. Mwenye kisukari apimwe ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mishipa ya nyuma ya jicho huvuja kimya kimya. Mtu anayesoma ishara za njia, anayepaswa kutofautisha taa nyekundu na ya kijani usiku wa mvua, asingoje mpaka taa zianze kuchanganyika.

Tatu, sukari kushuka. Anayetumia insulini, au vidonge fulani kama glibenklamidi, akikosa chakula kwa wakati wake, sukari huweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho jembamba, atachanganyikiwa, na watu watadhani amelewa. Ndugu, mwenzako akiwa hivyo, usimpeleke kwa msimamizi ashtakiwe ulevi. Mpe vijiko vitatu vya sukari katika maji, au soda ya kawaida kidogo, ikiwa aweza kumeza, kisha chakula. Akiwa hawezi kumeza, usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Na mwenye dawa hizo awe na sukari mfukoni wakati wote, na mwenzake wa zamu ajue. Kuficha ni hatari kwake na kwa abiria.

Nne, zamu zenyewe. Mtu analala mchana, anakula usiku wa manane, na kidonge cha "asubuhi" hajui tena ni cha saa ngapi. Dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, na kubwa ni kuwa zimezwe kila baada ya saa ishirini na nne au karibu na hapo. Wako wenzetu waliofunga kidonge na jambo wasiloweza kulisahau. Mmoja hukiweka pamoja na kitambulisho cha kazi. Na safarini, chukua vidonge vya siku mbili zaidi ya safari yako, maana wote twajua treni inavyoweza kukwama njiani.

Twende kwenye chakula, na hapa tusiwaudhi akina mama wa Mombasa, maana chakula chao ndicho kilichotufanya wengi wetu tuliotoka bara tusitake kurudi. Lakini tuhesabu. Shirika la Afya la Dunia lasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na chumvi iliyomo ndani ya vyakula vyote. Sasa mtu amekula ng'onda au papa mkavu mchana, na achari pembeni. Jioni amepita Mji wa Kale akala viazi karai na mishikaki, na mchuzi wa nyumbani umetiwa vile vibonge vya supu. Kijiko kile kimekwisha zamani. Hatusemi pasiwe na papa, ila arowekwe, maji yamwagwe, na asiwe wa kila siku. Ndimu, ukwaju, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi vyaweza kukipa chakula ladha bila chumvi nyingi, na mji huu umejua viungo tangu kabla ya Fort Jesus kujengwa mwaka 1593.

Na sukari. Wengi wetu twatia vijiko vinne katika kikombe cha chai, na twanywa vikombe vitano kwa zamu moja. Hivyo ni vijiko ishirini. Kijiko kimoja ni kama gramu 4, basi ni gramu 80, hali mtu mzima wa kawaida ashauriwa asizidishe gramu 50 kwa siku nzima. Hapo hatujahesabu kaimati, wala soda. Soda nyingi za chupa ya mililita 500 zina zaidi ya gramu 50 peke yake. Wazee wa Mji wa Kale wanaokaa barazani jioni wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo wametushinda hapa, ila wachunge halua inayofuatana nayo. Kupunguza si kuacha kwa siku moja. Toka vijiko vinne uende vitatu, ukae wiki mbili, kisha viwili. Ulimi huzoea.

Kutembea nako ni dawa. Dakika 150 kwa wiki zatosha, na hazitaki kiwanja wala ada. Kutoka stesheni ya zamani hapa kisiwani, ukifuata Barabara ya Haile Selassie mpaka Barabara ya Digo, ukapita Marikiti na kuingia Ndia Kuu mpaka Fort Jesus, ni kama nusu saa kwa mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Ukifanya hivyo siku tano umetimiza. Sigara na ugoro hatutavisemea sana, kila mtu ajua. Muguka twausema kwa sababu watu wa zamu ya usiku huutumia kukimbiza usingizi: unapandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na humnyima mtu usingizi wa mchana anaouhitaji.

Ndugu zetu Waislamu wameuliza juu ya Ramadhani. Jibu tulilopewa ni kwamba mwenye kisukari asingoje mwezi uandame. Amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, naye atamwambia kama aweza kufunga, na dawa za futari na za daku zitakuwa kiasi gani. Asijigawie mwenyewe. Na sukari ikishuka mchana, lazima afungue mara moja.

Tena kila mtu na ajue dalili za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kukokota. Ukiziona, tazama saa, ikumbuke, umpeleke mtu hospitali kubwa kama Hospitali Kuu ya Pwani saa hiyo hiyo, hata kama anasema amepata nafuu. Iko dawa inayoweza kufungua mshipa ulioziba, lakini hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo tu. Saa hizo zisitumike kumkanda mafuta.

Mtu akisema kwamba watu wetu hawawezi kumeza dawa maisha yao yote, twamwambia si kweli. Tumekwisha kuona. Katika miaka ya 2000 dawa za virusi vya ukimwi zilipoanza kutolewa katika hospitali za Serikali, wengi walisema Waafrika hawataweza kuzifuata. Leo wako watu hapa Mombasa wanaomeza kidonge kila siku kwa miaka ishirini, wanafanya kazi na kulea watoto. Waliwezaje? Dawa ilikuwapo kila walipokwenda, walipewa tarehe ya kurudi, na asiyekuja alitafutwa. Presha na kisukari havina hata mambo hayo matatu. Mtu wetu hufika zahanati akaambiwa dawa imekwisha, rudi wiki ijayo. Akirudi wiki ijayo amepoteza siku ya kazi ya pili. Mara ya tatu harudi.

Hapa ndipo mambo ya chama yanapoingia, na twataka Kamati iyasikie.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara wake kabla ya makato. Fedha hizo ni zetu. Matibabu ya zahanati na vituo vya afya yalipiwe na mfuko wa huduma za msingi, na uko mfuko mwingine kwa maradhi ya muda mrefu na yaliyo mazito. Lakini tumesikia habari za mwajiri fulani aliyekata fedha asizipeleke, na mfanyakazi akajua siku aliyokuwa amelazwa. Kila mwanachama athibitishe kwamba ameandikishwa, pamoja na mke na watoto, na kwamba makato yake yamefika. Asiyejua kutazama katika simu aje ofisini kwa Katibu na kitambulisho.

La pili ni siku ya kliniki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta karatasi ya daktari. Sheria hiyo yamfikiria mtu aliyelala kitandani. Haimfikirii mtu mzima anayekwenda kliniki ili asilale kitandani. Twaomba Kamati ipeleke jambo hili katika mapatano na waajiri: mwenye kadi ya kliniki apewe nusu siku kila tarehe yake ya kurudi, bila kukatwa, na ratiba ya zamu ipangwe kwa kuitazama kadi hiyo. Tena iandikwe wazi kwamba mtu hataondolewa kazini kwa sababu tu amekutwa na presha au kisukari kilichotunzwa. Bila maneno hayo wenzetu watazidi kuficha, na dereva anayeficha ni hatari kuliko dereva anayetibiwa.

La tatu ni dogo na laweza kuanza mwezi huu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama katika kila mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi. Kamati hizo huzungumza habari za kofia na vizima moto tu. Na ziwe na mashine ya kupimia presha, moja kwa kila karakana na kila ofisi ya genge, pamoja na daftari ambalo namba za mtu ataziona mwenyewe na muuguzi tu, si msimamizi. Tumeuliza bei za mashine madukani. Kila mwanachama wa tawi akitoa kidogo hatutashindwa kununua ya kwanza sisi wenyewe, lakini twaona ni wajibu wa mwajiri, na tuanze kwa kumdai.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Muuguzi aliyekubali kuja baada ya kazi yake yuko hapa na kipimo chake, na atakaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Wenye maswali waulize sasa. Wanaotaka kupimwa wasivute sigara hapo nje, bali wakae kwanza dakika tano.